Ahadi Yangu Iliyofika Bungeni Visiwani

Kitu cha kunishangaza mie Hamisi Kibwana bado hakijazaliwa, na siku kikizaliwa kitanikuta nimeshakijua. Nawaambia mapema nyie vijana, msije mkasoma hapa mnatikisa vichwa, "haiwezekani, haiwezekani." Inawezekana. Mie nimefanya kazi ubalozini miaka kumi na tisa, na elimu yangu ni darasa la tano, tena hilo la tano lenyewe niliishia muhula wa kwanza. Wenye digrii nimewafungulia milango, nimewafungia, na wengine nimewaacha nje mpaka wakajifunza kugonga.

Najua mkisikia ubalozi mnaona jengo la vioo na walinzi wenye mbwa. Wetu haukuwa hivyo. Ulikuwa ubalozi wa nchi ya visiwa vidogo sana. Jina lake silitaji, nilisaini karatasi. Watu wa nchi ile wote ukiwashusha Kunduchi asubuhi ya mnada wa samaki, hutajua kama kuna mtu ameongezeka. Tulipanga ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Awadh, ambaye babu yake na babu wa babu yake wote walikuwa wafanyabiashara wa pwani hii. Bango letu lilikuwa na kasa wawili na nyota. Pembeni yake, kubwa mara tatu, lilikuwepo bango la matangi ya maji. Watu walikuwa wanapanda ngazi kuulizia bei ya mabati, na mie nawajibu, maana bei nazijua. Kuna bwana alipanda kuomba viza akashuka na ndoo mbili za rangi. Mteja harudi mikono mitupu, huo ndio ulikuwa msimamo wangu.

Tulikuwa wachache. Balozi mwenyewe. Mama Shirima, mama wa Kichaga, ambaye alikuwa mhasibu, karani na mpokea simu. Na mie: dereva, tarishi, mpandisha bendera, mpika chai na mkuu wa itifaki. Hicho cheo cha mwisho nilijipa mwenyewe na hakuna aliyekataa.

Itifaki sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa na Mzee Kaduma, dereva wa ubalozi mmoja mkubwa mjini, kwenye maegesho, tukisubiri wakubwa watoke mikutanoni. Mhehe mrefu, anavaa glovu nyeupe hata mwezi wa pili, joto la kuyeyusha mtu. "Kibwana," alikuwa ananiambia, "mlango wa gari haunyakuliwi. Hesabu moja, mbili, tatu, halafu achia taratibu. Na kabla ya moja, chungulia kama mkubwa ameuegemea." Hiyo ya kuchungulia niliisahau wiki ya kwanza. Balozi alikuwa amesinzia, mie nikafungua, akatoka kwa bega, akatua chali kwenye zulia jekundu mbele ya wenyeji wake. Mngekuwa nyie mngepiga kelele. Mie nilisimama wima nikapiga saluti. Wenyeji wakatazamana, wakadhani ndiyo desturi ya kule visiwani, na mmoja wao akainama kidogo kwa heshima. Jifunzeni hapo. Ukikosea, usihangaike. Simama wima, wenye wasiwasi watakuwa wao.

Siku hizi barua mnatuma kwa simu, kidole kimoja, imefika. Sie tulikuwa tunapeleka kwa mkono, na daftari la kusainisha kwapani, tai shingoni, juu ya bodaboda. Siri ya tai kwenye bodaboda nawapa bure: ichomeke ndani ya shati kati ya kifungo cha pili na cha tatu. Mwenzangu mmoja hakujua hilo. Tai ilimchapa usoni kutoka Mwenge mpaka Morocco, akafika anatoka machozi, pale mapokezi wakamkalisha wakampa maji na pole ya msiba. Barua yenyewe ilikuwa mwaliko wa futari.

Basi, niwape sasa hiyo ya kamati, maana ndiyo iliyonifanya nikaandikwa kwenye kitabu cha nchi ya watu.

Balozi wetu wa tatu alikuwa mtu mpole mwenye mashavu, na Kiswahili alijifunzia dukani kwa Mzee Awadh. Akikutana na mtu anasema, "Karibu bosi, tukupimie nini?" Alimwambia hivyo mpaka askofu. Tulimpenda. Sasa siku moja akashuka ngazi ameshika barua, akakaa juu ya mfuko wa saruji, uso umemshuka.

"Hamisi," akaniambia, "duka tunafunga."

"Duka la Mzee Awadh, Mheshimiwa?"

"La kwetu."

Kule kwao serikali ilikuwa inabana matumizi. Katibu Mkuu wa mambo ya nje, mama mmoja wanayemwogopa, alikuwa anakuja siku ya sherehe ya uhuru wao kuangalia jambo moja tu: je, nchi hii ina marafiki hapa, au tunalipa kodi ya ghorofa bure? Akikuta marafiki hamna, ubalozi unafungwa, Balozi anarudi kufundisha jiografia shule ya msingi, na mie na Mama Shirima tunarudi tulikotoka.

"Na pesa ya sherehe wameleta?" nikamuuliza Mama Shirima.

"Imekuja ya kreti mbili za soda," akasema. "Na chupa tunarudisha."

Hapo kichwa kikaanza kufanya kazi. Mtu wa kusoma angeandika barua ya kuomba. Mie nikamwambia Balozi, "Mheshimiwa, kwani mji huu nani anafanya sherehe kwa hela yake? Tunaunda kamati."

Nyie mnajua harusi zetu. Mtu anaoa hana hata godoro, lakini ana kamati: mwenyekiti, mweka hazina, vikao kila Jumapili, kadi za mchango, grupu kwenye simu, na siku ya siku watu mia tatu wanakula. Sasa kwa nini nchi nzima ishindwe? Kama hakuna aliyewahi kuichangia nchi kama bwana harusi, ni kwa sababu nchi hizo hazikuwa na mie.

Kadi nilichapisha stationery ya Mwenge. Kijana wa pale mfano wa kadi aliokuwa nao ni wa harusi tu, na mabadiliko anatoza, kwa hiyo ikatoka hivi: familia ya Balozi inayo furaha kukuomba mchango wako ili kufanikisha sherehe ya mpendwa wao UHURU. Waliouliza Uhuru anaoa wapi, niliwaambia leteni kwanza, mtajulia ukumbini.

Kikao cha kwanza kilikaa dukani, Jumapili saa nne asubuhi, watu kama thelathini wamekaa juu ya saruji na mabomba. Wauza samaki, walimu wawili, meneja wa hoteli ya ufukweni, mafundi bomba. Mzee Awadh ndiye mwenyekiti. Akakohoa.

"Jamani, hii nchi ni mpangaji wangu. Ikihama, ghorofa litabaki na popo. Nawaombeni mnione kama mzazi."

"Kwani mzee, wewe ndiyo baba yake Uhuru?" akauliza Bi Mwanahawa, muuza samaki, mdomo hauna breki.

"Mie baba mwenye nyumba."

"Haya baba. Na mama yuko wapi? Maana harusi haina mama, nani atalia?"

"Nitalia mie," akasema Balozi kwa unyonge, na watu wakacheka wakampigia makofi. Hawakujua alikuwa anasema kweli.

Wakaanza kuahidi. Elfu tano. Elfu tatu. Fundi mmoja akaahidi "nguvu zangu." Kikao kinapoa, naona kabisa kinapoa kama chai ya mgonjwa. Hapo ndipo ufundi unapotakiwa. Kila kikao cha mchango kina mtu wa kukipasha moto. Anasimama, anataja fungu kubwa, wenzake wanaona haya, wanapanda. Baadaye huyo mpasha moto hadaiwi, alikuwa anafanya kazi ya kikao. Wakubwa wote wanajua.

Nikasimama juu ya mfuko wa saruji. "Mie Hamisi Kibwana, wa Kiwalani, darasa la tano, natoa milioni moja."

Vichwa vyote vikanigeukia. Mama Shirima, ambaye ndiye mweka hazina, akavua miwani.

"Niandike taslimu au ahadi?"

"Ahadi, Mama Shirima."

"Ya lini?"

"We andika tu."

"Kitabu changu hakina 'tu,' Baba Zuhura. Taja tarehe au nakuacha wazi."

"Acha wazi."

Akaacha wazi. Lakini moto ulishawaka! Mzee Awadh, mshipa umemtoka, hakubali kuzidiwa na dereva dukani mwake. Akaenda kwenye droo akatoa laki saba mkononi na akaongeza tangi la maji la lita elfu moja. Meneja wa hoteli akatoa ukumbi. Bi Mwanahawa akasema samaki wote juu yake. Siku kumi tu, kreti mbili za soda zikageuka sherehe ambayo Kunduchi wanaisimulia mpaka leo. Nani alifanya? Sijisifu, nauliza tu.

Siku ikafika. Katibu Mkuu akashuka uwanja wa ndege, mama mfupi, suti ya kijivu, daftari dogo mkononi, hacheki. Nikamfungulia mlango kwa hesabu ya Mzee Kaduma. Kiingereza changu ni cha mlangoni: karibu, pita huku, leo haiwezekani. Yalitosha.

MC tuliyemkodi alikuwa kijana wa Tandika, bingwa wa harusi, na sherehe ambayo si ya harusi hakuwahi kuiona. "Braza, mie bila maharusi siwashi spika," akaniambia. "Nani anaingia mwisho?" Nikamwambia, Balozi na yule mama. Basi wakaingizwa saa tisa alasiri, taratibu, hatua mbili mbele moja nyuma, akina mama wa mnadani wanawachezea pande zote na sare ya kitenge, maua yanamwagwa. Wakakalishwa jukwaani, viti vyeupe vya kifalme, juu yao kitambaa kimefungwa kama wingu. Yule mama akamuuliza Balozi kitu sikioni. Balozi akaniambia baadaye alichomjibu: "Ni itifaki ya hapa, mheshimiwa. Tukigoma tutawakosea."

Na itifaki ya hapa tuliisimamia. Meza za mbele ni za waliochanga, hiyo ndiyo sheria, haijali cheo. Fundi bomba alikaa meza ya pili. Balozi wa nchi moja kubwa, yenye meli za vita na kila kitu, alikaa meza ya kumi na nne karibu na jenereta, kwa sababu kadi yake ilirudi tupu. Msaidizi wake akanifuata, suti, jasho linamtiririka.

"Kuna kosa. Mheshimiwa anatakiwa kukaa mbele."

"Hakuna kosa, mdogo wangu. Kadi yake ilirudi na kitu?"

"Sisi hatukuelewa ile kadi."

"Mweka hazina yule pale, mwenye miwani. Atawaelewesha."

Dakika tano baadaye mheshimiwa alihamia meza ya tatu, na wengine wa nyuma kuona hivyo, wakapanga foleni kwa Mama Shirima. Foleni ya mabalozi, vijana wangu! Anawahesabia chenji.

MC akaita utambulisho wa ndugu. "Upande wa Tanzania simameni!" Ukumbi mzima ukasimama, vigelegele. "Upande wa visiwani simameni!" Wakasimama wawili jukwaani, na kule nyuma mzee mmoja wa kwao anayefuga kuku Kimbiji, raia wao pekee nchini ukimtoa Balozi. Nilimfuata asubuhi kwa gari la ubalozi, njia yote mashimo, ameshika trei ya mayai kama mchango. Watu walivyoona upande wa pili ni watu watatu tu, wakaingiwa na huruma. Bi Mwanahawa akapaza sauti, "Ndugu zake hawana watu jamani, twendeni tukawajaze!" Nusu ya ukumbi ikahamia upande wa visiwani. Yule mama wa suti ya kijivu akaandika kitu kwenye daftari lake.

Ikaja zamu ya kutunza. Zawadi zinaingia kwa kucheza, mstari mmoja, muziki uko juu. Sahani, blenda, saa ya ukutani, godoro la inchi nane. Mwisho likaja tangi la lita elfu moja, limebebwa na mafundi wanne, Mzee Awadh mbele anacheza na fimbo yake, na nyuma ya tangi, hao! mabalozi mmoja mmoja wakaingia kwenye mstari, maana walishalipia. Yule wa meli za vita alicheza vizuri kuliko wote, sitamnyima haki yake.

Keki ilikatwa, yenye umbo la kisiwa. Balozi akapewa kipaza sauti kwa hotuba ya kurasa nane. MC akamwambia, "Mzee, una dakika mbili, biriani inapoa." Akaikunja ile karatasi. Akatuangalia wote, akasema, "Karibuni, mabosi. Leo hatupimi." Na kweli akalia, kama alivyoahidi.

Yule mama kabla ya kuondoka alimwomba Mama Shirima kitabu cha michango, akakipiga picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Mie nilimshikia kikae sawa. Nilimshikia mwenyewe, kwa mikono yangu hii.

Barua ikaja: ubalozi haufungwi. Katibu Mkuu aliandika kwamba hajawahi kusikia nchi ambayo wauza samaki na mafundi bomba wa nchi nyingine wameichangia siku yake ya kuzaliwa. Tulikunywa soda zile kreti mbili, tulizisahau stoo.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Balozi akaniita juu. Yuko na Mama Shirima, mezani kuna kitabu chenye kasa wawili kwenye jalada.

"Hamisi, keti."

"Nimezoea kusimama, Mheshimiwa."

"Keti."

Kilikuwa kitabu cha bajeti ya nchi yao. Wizara yao ya fedha ilichukua zile picha, wakaandika kila kitu kwa uaminifu, ndivyo walivyo. Vilivyopokelewa vikaandikwa vimepokelewa. Na chini, kwenye mapato yanayotarajiwa kutoka nje, mstari wa mwisho baada ya leseni za uvuvi: Bwana H. Kibwana, Kiwalani, shilingi za Tanzania milioni moja. Wakaipangia na kazi. Ilikuwa ya taa ya gati la kisiwa cha kusini, boti zione pa kufikia.

Nilishangaa? Sikushangaa. Niliketi tu kwa sababu waliniambia niketi.

"Si nilikwambia taja tarehe?" Mama Shirima akasema.

"Mama, ile ilikuwa ya kupasha kikao! Unajua ilikuwa ya kupasha kikao!"

"Mie najua. Hawa hawajui."

Nikawaambia waandike kule wafute. Balozi akasema mstari wa bajeti haufutwi mpaka bunge likae. Bunge lao lina watu kumi na mmoja. Likakaa, na halikufuta. Mwaka wa kwanza waziri wao alisema Bwana Kibwana anatarajiwa. Mwaka wa pili akasema Bwana Kibwana bado anatarajiwa. Mie mtoto wa Kiwalani, ndege zinapita juu ya bati langu kila siku na sijawahi kupanda hata moja, nikawa natarajiwa nchi ya watu.

Mwaka wa tatu nilikuwa nimebakiza mwezi mmoja nistaafu. Miaka hamsini na tano, nimechagua mwenyewe kupumzika nikiwa bado na meno. Kiinua mgongo changu nilishakipangia: kumalizia fremu mbili za biashara mbele ya nyumba. Ikaja barua. Mbunge wa kisiwa cha kusini, kule ambako taa haipo, alisimama akauliza: marafiki hawa wa Dar es Salaam ni marafiki gani? Wanaahidi mbele ya watu halafu hawatoi. Kama urafiki wenyewe ni wa kutamka tu, ubalozi wa nini? Waufunge, taa wataiweka kwa kodi ya ghorofa. Na safari hii wenzake walimuunga mkono. Kura mwisho wa mwezi.

Yaani kamati niliyoianzisha kuuokoa ubalozi ndiyo inaufunga, na kisa ni mdomo wangu.

Balozi hakunidai. Hilo ndilo lililoniuma. Nilimkuta anafunga picha za ukutani kwa magazeti, moja moja, anaandika juu yake kwa kalamu. Nikamwambia, "Shikamoo, Mheshimiwa," ingawa kwa umri tunalingana, sijui kwa nini. Akaniambia, "Marahaba, Hamisi. Usijali. Mteja akishindwa, mzigo tunarudisha dukani. Hakuna ugomvi."

Nilishuka ngazi. Mzee Awadh yupo kwenye kiti chake, amelitazama bango la kasa, hakunisalimia. Nikapanda tena.

"Mama Shirima, fungua kitabu."

"Kipi?"

"Unakijua."

Akakifungua pale pale, hakutafuta. Ule ukurasa alikuwa ameuwekea utepe mwekundu, miaka yote ile. Akavua miwani. "Niandike taslimu?"

"Andika taslimu."

"Tu?"

"Andika, mama, usinicheke!"

Mama Shirima akaikata kwenye kiinua mgongo changu kabla sijakishika, na pesa ikaenda siku tano kabla ya kura. Picha ya taa ilikuja baadaye, nguzo nyeupe baharini na kibao cha shaba chenye jina langu, wamelipatia herufi zote. Ubalozi upo mpaka leo, juu ya duka, kapandeni mkaone, mtapewa bei ya mabati. Fremu moja nimemaliza, ya pili haina paa, na nikiulizwa nasema paa lake liko visiwani linawaka. Nchi nyingi zimekuja hapa kutufadhili. Mtu mmoja aliyetoka Kiwalani akafadhili nchi, mnitajie mwingine.

Nyie mkisimama kwenye kikao, simameni tu, ufundi ni ufundi. Lakini mtazameni kwanza anayeandika. Risiti yangu ipo sebuleni, juu ya televisheni. Ahadi, milioni moja. Makato ya benki kuituma, elfu thelathini na sita. Kutoa kopi ya risiti na kuiwekea plastiki ngumu isiliwe na mende, elfu moja na mia tano. Jumla, shilingi milioni moja, elfu thelathini na saba na mia tano.